Joseph Lister, munganga aliyekataa kwamba kidonda lazima kioze



Katika makanisa yetu tumezoea kuwaombea wamama wanaokaribia kuzaa. Mtoto akizaliwa tunapiga vigelegele, tunauliza jina lake, tunangoja siku ambayo wazazi watamleta mbele ya kanisa. Lakini wako wamama ambao siku hiyo inawapita. Walizaa kwa operesheni, ile tunayoita sezariene, wakarudi nyumbani na mtoto mzima. Baada ya juma moja mshono ukaanza kutoa maji, kisha usaha, kisha ukafumuka. Mama anajifunga vikwembe viwili ili watu wasisikie harufu. Anaacha kuja kwenye kwaya. Na kama ni mama mwenye mwili mkubwa, maneno yasiyo mazuri yanaanza kuzunguka: kwamba ni mafuta yake yanayooza, kwamba mtu mnene hana dawa, kwamba ni kawaida tu.

Neno hilo, kawaida, ndilo lililotufanya tukumbuke maisha ya Joseph Lister. Alikufa zaidi ya miaka 100 iliyopita, na jina lake linafundishwa katika shule nyingi za wauguzi. Katika siku zake madaktari wengi walisema kwamba kidonda cha operesheni kuoza ni kawaida. Yeye alikataa. Tunataka kusimulia maisha yake, kisha tuone yanawahusu vipi wamama wetu.

Kijana wa nyumba ya Marafiki

Joseph Lister alizaliwa tarehe 5 Aprili 1827 huko Upton, karibu na London, Uingereza. Wazazi wake walikuwa waumini wa Kanisa la Marafiki, ambalo leo lina washiriki wengi Burundi, Rwanda na kwetu upande wa Uvira. Marafiki wa wakati ule walivaa nguo za rangi moja, walisema maneno machache, na walifundisha watoto wao kusema ukweli hata kama unawaumiza wao wenyewe. Tabia hiyo tutaiona tena mwishoni mwa habari hii.

Baba yake aliuza divai. Saa za jioni alikuwa na kazi nyingine aliyoipenda zaidi: kusugua na kupanga vioo vya mikroskopi. Alifaulu kutengeneza vioo vilivyoonyesha vitu vidogo kwa usafi kuliko vya zamani, hata wataalamu wakuu wa nchi wakamheshimu. Hivyo Joseph alikua akijua jambo ambalo madaktari wengi hawakulijua: kwamba kuna ulimwengu mzima ambao jicho la mtu haliwezi kuuona.

Vyuo vya Oxford na Cambridge vilikuwa vya waumini wa kanisa la taifa, basi kijana huyu wa Marafiki akaenda kusoma University College ya London. Inasemekana alikuwamo ndani ya chumba mwezi Desemba 1846, siku ambayo daktari Robert Liston alikata mguu wa mtu aliyelazwa usingizi kwa dawa ya etha. Ilikuwa mara ya kwanza kwa operesheni kubwa kufanyika hivyo nchini Uingereza. Muda mfupi baadaye Joseph aliugua ndui, kisha akaanguka katika huzuni nzito, akaacha masomo kwa muda. Alifikiri hata kuacha udaktari na kuwa mhubiri. Baada ya kupumzika alirudi, na mwaka 1852 akamaliza shahada yake ya uganga.

Mwaka 1853 alisafiri kwenda Edinburgh, Scotland, kujifunza kwa James Syme, mpasuaji mwenye sifa kubwa. Alikusudia kukaa kidogo, akakaa miaka saba. Huko alimpenda Agnes, binti wa mwalimu wake, wakafunga ndoa mwaka 1856. Kwa sababu Agnes hakuwa wa Marafiki, Joseph alitoka katika kanisa la wazazi wake akaingia Kanisa la Episkopali la Scotland. Hawakupata watoto. Lakini Agnes alikuwa mwenzake katika kazi: majaribio mengi yalifanyika nyumbani kwao, na ni mkono wa Agnes ulioandika kurasa nyingi za daftari zao.

Hospitali zenye harufu

Mwaka 1860 Lister aliitwa kuwa profesa wa upasuaji Glasgow, na mwaka uliofuata akakabidhiwa wodi katika hospitali kubwa ya mji, Royal Infirmary. Tujaribu kuona hali aliyoikuta.

Dawa ya usingizi ilikuwa imepatikana, kwa hiyo mtu aliweza kupasuliwa bila kupiga kelele. Operesheni ziliongezeka. Lakini baada ya siku 3 au 4 kidonda kilivimba, kikatoa usaha, na harufu ikajaa wodi. Kati ya watu 35 ambao Lister mwenyewe aliwakata mkono au mguu kabla ya kuanza njia yake mpya, 16 walikufa. Na yeye hakuwa mpasuaji mbaya.

Madaktari walikuwa na maelezo. Wengi walisema ni hewa mbaya. Wengine walisema ni mwili wa mgonjwa mwenyewe, damu yake dhaifu, asili yake. Usaha wenyewe waliugawa: uko usaha mbaya, na uko usaha mzuri unaoonyesha kwamba kidonda kinaendelea vema. Daktari alivaa koti la zamani lililokauka damu ya wagonjwa wengi, na hakuona haya, kwa maana koti hilo lilionyesha kwamba ana uzoefu. Alitoka kwa mgonjwa huyu akaenda kwa yule bila kunawa, akiwa na uzi wa kushonea ukining'inia kwenye tundu la kifungo.

Lister aliona jambo moja lililomsumbua. Mtu akivunjika mfupa bila ngozi kupasuka, hapati usaha, hata kama ndani kumeharibika sana. Mwingine mwenye mvunjiko ule ule, lakini ngozi imepasuka, anaoza na mara nyingi anakufa. Miili ni ile ile, hewa wanayovuta ni ile ile. Tofauti ni mlango uliofunguka kwenye ngozi. Basi kuna kitu kinachoingia.

Mtoto aliyekanyagwa na gari

Karibu na mwaka 1865, Thomas Anderson, profesa wa kemia wa Glasgow, alimwambia Lister asome kazi za Mfaransa Louis Pasteur. Pasteur alikuwa ameonyesha kwamba divai na maziwa haviharibiki vyenyewe. Vinaharibiwa na vijidudu vinavyotoka nje. Lister, mtoto wa mtengeneza mikroskopi, alielewa upesi. Ikiwa ni hivyo kwa maziwa, kwa nini isiwe hivyo kwa kidonda?

Pasteur aliua vijidudu kwa moto, lakini mtu hawezi kuchemshwa. Lister akatafuta dawa. Alikuwa amesikia kwamba katika mji wa Carlisle walimwaga asidi ya kaboliki kwenye maji machafu ya mji, na harufu ikapungua. Akaamua kuijaribu kwenye vidonda. Jaribio la kwanza, mwezi Machi 1865, halikufaulu, na mgonjwa alikufa. Lister hakuacha.

Tarehe 12 Agosti 1865 aliletwa mtoto wa miaka 11, James Greenlees. Gurudumu la gari la farasi lilikuwa limempita juu ya mguu, mfupa umevunjika na ngozi imepasuka. Kwa kawaida ya wakati ule, mguu ungekatwa. Lister alisafisha kidonda kwa asidi ya kaboliki, akakifunika kwa kitambaa kilicholowa dawa hiyo, akaufunga mguu. Baada ya siku 4 alifungua. Hakukuwa na harufu ya kuoza. Baada ya majuma 6 mifupa ilikuwa imeungana, na James akatoka hospitalini na miguu yake miwili.

Mwaka 1867 jaribu zito liliingia nyumbani mwake. Dada yake Isabella alikuwa na kansa ya titi, na madaktari wengine hawakutaka kumgusa. Kulitoa titi kulimaanisha kidonda kikubwa, na kidonda kikubwa kilimaanisha usaha na mara nyingi kifo. Lister alimpasua dada yake juu ya meza ya nyumba yake mwenyewe, kwa kufuata njia yake yote. Kidonda kile kikubwa kilipona bila kuoza. Isabella aliishi karibu miaka 3 zaidi.

Mwaka ule ule Lister alitangaza kazi yake katika gazeti la madaktari, The Lancet. Na katika watu 40 aliowakata mkono au mguu kwa njia mpya, waliokufa walikuwa 6. Tukumbuke tena: kabla yake, 16 kati ya 35.

Kupingwa, na kukubali kosa

Mtu angefikiri kwamba wote walimshangilia. Sivyo. Hata James Young Simpson wa Edinburgh, ambaye wamama walimshukuru kwa kuwaletea klorofomu ya kupunguza maumivu ya kuzaa, alimpinga kwa ukali. Wengine walijaribu nusu: walimwaga dawa kidogo, wakashika kidonda kwa mikono michafu, kisha wakasema njia ya Lister haifai. Wengi walicheka habari za vijidudu ambavyo hawakuviona. Wajerumani walikuwa wepesi zaidi kujifunza, na London ilikuwa nzito kuliko wote.

Lister hakuwajibu kwa matusi. Alirudi Edinburgh mwaka 1869, akaendelea kufundisha. Alitengeneza uzi wa utumbo wa kondoo uliotiwa dawa, ambao mwili unauyeyusha wenyewe baada ya kazi yake, ili pasibaki uzi mrefu unaoning'inia nje ya kidonda na kuingiza uchafu. Mwaka 1871 aliitwa kumtibu Malkia Victoria, aliyekuwa na jipu kubwa kwapani. Mwaka 1877 alihamia King's College, London, kwa makusudi ya kupeleka mafundisho yake mahali yalipokataliwa zaidi.

Kwa wagonjwa alikuwa mpole. Aliwafundisha wanafunzi wake kwamba maskini wa mwisho katika wodi atunzwe kama mtoto wa mfalme. Inasimuliwa kwamba msichana mmoja mdogo alimwonyesha mwanasesere wake aliyeng'oka mguu, na profesa huyu akaomba sindano na uzi, akaushona mguu ule mbele ya mtoto.

Lister naye alikosea. Kwa miaka mingi aliamini kwamba hatari kubwa iko hewani, akatumia chombo cha kurushia mvuke wa kaboliki katika chumba chote cha operesheni. Mvuke uliwachoma madaktari macho na mikono. Baadaye uchunguzi ulionyesha kwamba hatari kubwa iko katika mikono, vyombo na ngozi, wala si katika hewa. Mwaka 1890, mbele ya mkutano mkubwa wa madaktari huko Berlin, Lister alisema waziwazi kwamba ameuacha mvuke ule, na kwamba anaona haya kuwa aliwahi kuushauri. Hakung'ang'ania chombo kwa sababu kina jina lake. Alichokishika ni msingi: kuna kitu kinachoingia, na ni wajibu wetu kukizuia.

Habari yafika kwa wamama

Sasa tuje kwa wamama wanaopasuliwa ili wazae. Wakati Lister alipoanza kazi, operesheni hii ilikuwa karibu sawa na hukumu ya kifo. Wamama wengi sana walikufa, wengine kwa kutoka damu, wengine kwa kuoza tumbo. Mwaka 1882 daktari Max Sänger wa Leipzig, Ujerumani, alifundisha kuushona vizuri mfuko wa uzazi, na hilo lilizuia damu. Upande wa kuoza, msaada ulitoka katika kazi ya Lister.

Na ni Glasgow, mji ule ule wa James Greenlees, ulioonyesha jambo hili. Viwanda vilijaza moshi, watoto walikosa jua na chakula kizuri, na wasichana wengi walikua na mifupa iliyopinda, nyonga zao zikiwa nyembamba mno kupitisha mtoto. Mwezi Aprili 1888 daktari Murdoch Cameron alimpasua mama mmoja wa namna hiyo, Catherine Colquhoun, kwa kufuata usafi wa njia ya Lister. Mama alipona. Mtoto alipona. Wakampa jina Caesar Cameron. Baada yake wamama wengine wa mji ule waliokolewa kwa njia hiyo.

Lakini tusifikiri kwamba hekima hii ilikaa Ulaya peke yake. Ng'ambo ya Ziwa Albert, mbele ya ndugu zetu wa Ituri, kuna nchi ya Bunyoro, katika Uganda. Mwaka 1879 mganga kijana aliyetumwa na misheni, Robert Felkin, alipita mahali paitwapo Kahura, na baadaye, mwaka 1884, aliandika katika gazeti la madaktari wa Edinburgh mambo aliyoyaona. Mpasuaji wa kienyeji alimpasua mama aliyeshindwa kuzaa. Kabla ya kukata, alinawa mikono kwa divai ya ndizi, akaosha tumbo la mama kwa divai hiyo hiyo. Mishipa iliyotoka damu iliguswa kwa chuma cha moto. Kidonda kilifungwa kwa misumari 7 myembamba ya chuma na kamba ya gome, kikapakwa dawa ya mizizi, kikafunikwa kwa jani la ndizi na nguo ya gome. Siku ya 11 kidonda kilikuwa kimefunga, na mama na mtoto walikuwa wazima.

Tunapoisoma habari hiyo tunamkumbuka Msamaria wa Injili, aliyemimina mafuta na divai juu ya vidonda vya mtu asiyemjua. Wale wapasuaji wa Bunyoro hawakuwa na mikroskopi, wala hawakusoma Pasteur. Lakini walijua kwamba tumbo la mama haliguswi kwa mkono mchafu.

Mama mwenye mwili mkubwa

Leo wapo wamama wengi wanaozaa wakiwa na uzito mkubwa, mijini hasa. Madaktari wanauhesabu kwa kugawa kilo za mtu kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Ikifika 30 na kuendelea, wanasema ni unene uliozidi. Ni kweli kwamba wamama hawa wako katika hatari zaidi ya kidonda kuharibika. Lakini sababu zake zinajulikana, na kila sababu ina kazi yake ya kufanywa.

Tabaka la mafuta chini ya ngozi lina mishipa michache ya damu. Damu ikifika kidogo, hewa safi ya mwili na dawa navyo vinafika kidogo. Tabaka hilo likiwa nene, chini ya mshono hubaki nafasi ambamo maji na damu vinakusanyika, na vijidudu vinapenda mahali hapo. Mkunjo wa tumbo unaning'inia juu ya mshono, joto na jasho vinakaa. Operesheni yenyewe inachukua muda mrefu zaidi. Na mara nyingi pamoja na uzito kuna ugonjwa wa sukari, ambao unachelewesha kupona.

Kazi ya kuzuia inaanza kabla ya kisu. Mama aoge vizuri kwa sabuni. Asinyolewe kwa wembe, maana wembe unaacha mikwaruzo midogo, na kila mkwaruzo ni mlango. Ikiwa lazima, nywele zipunguzwe kwa mashine au mkasi. Dawa ya kuua vijidudu itiwe katika mshipa kabla ya kukata, ndani ya saa moja, wala isingoje mtoto atoke. Na kipimo kifuate uzito: kwa dawa ya sefazolini, miongozo mingi inataka gramu 2, na gramu 3 kwa mama wa kilo 120 au zaidi. Kumpa mama mkubwa kipimo cha mama mdogo ni kumpa nusu ya ulinzi.

Ngozi ipakwe klorhexidini yenye alkoholi, au iodini kama hiyo haipo, na iachwe ikauke kabisa. Chini ya mkunjo pasisahaulike. Kama mafuta yana unene wa sentimita 2 au zaidi, mpasuaji ayashone nayo, ili ile nafasi ya maji isibaki. Kushona ngozi kwa uzi kunafaa kuliko kuibana kwa pini za chuma, kwa sababu kidonda hakiachii kwa urahisi. Na hapa kuna jambo ambalo Lister angelipenda: yeye alitumia sana mipira ya kutolea maji kwenye vidonda, lakini uchunguzi wa siku zetu haukuona kwamba kuweka mipira hiyo chini ya ngozi kwa kila mama mnene kunamsaidia. Basi madaktari wameiacha, kama yeye alivyouacha mvuke wake.

Kazi inaendelea nyumbani

Tunasema haya yote kwa sababu sehemu kubwa ya hatari inatokea wakati mama ametoka maternite. Kidonda mara nyingi huonyesha ugonjwa kuanzia siku ya 4 hadi juma la pili. Wakati huo anayemwona mama si daktari. Ni mama mkwe, ni dada, ni jirani, ni sisi wa kanisa tuliokuja na sabuni na unga.

Basi tujue la kufanya. Bandeji ya kwanza ikae siku moja au mbili isiguswe. Kila anayegusa mshono anawe kwanza kwa sabuni. Baada ya bandeji kutoka, mama aoge kwa maji safi na sabuni, ajikaushe bila kusugua, na aweke kitambaa safi kikavu chini ya mkunjo wa tumbo, akibadilishe kila kinapolowa. Tusimkande kwa maji ya moto juu ya mshono. Tusipake majivu, unga wa majani, dawa ya meno wala mafuta. Tusimfunge kikwembe kwa nguvu ili tumbo lirudi, maana kunabaki jasho. Asaidiwe kusimama na kutembea kidogo mapema, kwa kuwa kulala muda mrefu kunagandisha damu miguuni, na mama mzito yuko katika hatari hiyo pia. Ale vizuri: mayai, samaki, maharagwe, sombe. Huu si wakati wa kumnyima chakula ili apungue.

Na tujue dalili. Mshono ukiwa moto na mwekundu na wekundu unaenea, ukitoa maji au usaha, ukiwa na harufu, ukianza kufumuka, maumivu yakizidi badala ya kupungua, au mama akipata homa, arudi hospitalini siku ile ile. Asingoje Jumapili ili aombewe kwanza. Tunaweza kumwombea njiani.

Kwa ndugu zetu wauguzi na madaktari wa hospitali za kanisa, tunajua mnafanya kazi mahali ambapo maji yanakatika na dawa zinachelewa. Hatuandiki ili kuwalaumu. Lakini mengi ya haya hayahitaji mashine kubwa. Yanahitaji mtu anayeamini kwamba mambo madogo yana faida: mkono ulionawa, dawa iliyotolewa kwa saa yake, mama aliyepimwa uzito kabla ya kuandikiwa kipimo.

Mwisho wa maisha yake

Heshima ilimfikia Lister akiwa hai. Mwaka 1892 alikwenda Paris kumheshimu Pasteur aliyefikisha miaka 70, na wazee hao wawili walikumbatiana mbele ya watu. Lakini mwaka 1893, walipokuwa wakipumzika Italia, Agnes aliugua mapafu akafa kwa siku chache. Baada ya hapo nyumba ilikuwa kimya, na Lister hakurudia tena kazi zake za zamani kwa furaha ile. Mwaka 1897 alipewa cheo cha Lord. Mwaka 1902, mfalme mpya Edward wa Saba alipopasuliwa tumbo siku chache kabla ya kuvikwa taji, waliomtibu walitaka shauri la Lister, na mfalme akapona.

Alikufa tarehe 10 Februari 1912 huko Walmer, mwenye miaka 84. Wakubwa wa nchi walitaka azikwe Westminster Abbey, penye makaburi ya wafalme. Ibada ilifanyika huko, lakini mwili wake ulipelekwa makaburi ya West Hampstead, kulala karibu na Agnes, kama alivyotaka.

Wapendwa, watu wa siku za Lister hawakuwa wabaya. Walikuwa wamezoea. Walisikia harufu kila asubuhi mpaka wakaiita harufu ya hospitali. Sisi nasi tunaweza kumzoea mama aliyefumuka mshono, tukaliita jambo hilo unene wake. Mama yule aliyejifunga vikwembe viwili anangoja mtu aingie nyumbani mwake, anawe mikono, aangalie mshono bila kugeuza uso, kisha amtafutie pikipiki ya kumpeleka hospitalini. Siku atakaporudi kwenye kwaya, tumwachie nafasi yake ile ile.